Muhuri wa Alhamisi, risiti ya Jumatatu

Mzee mmoja wa Kengeja alinijia nyumbani Chake Chake baada ya sala ya alasiri, ameshika bahasha ya kaki iliyolainika pembe zote kwa kufunguliwa na kufungwa. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa barazani, kisha akatoa karatasi mbili akaziweka juu ya jamvi, moja kando ya nyengine.

"Mwanangu," akasema, "hebu nambie wewe. Mimi nilichelewa au sikuchelewa?"

Karatasi ya kwanza ilikuwa sababu zake za rufaa. Ilikuwa na muhuri wa mahkama, tarehe ya Alhamisi, na Alhamisi hiyo ndiyo iliyokuwa siku yake ya mwisho. Karatasi ya pili ilikuwa risiti ya ada, tarehe yake Jumatatu. Wakili wa upande wa pili aliliona pengo lile kabla ya mtu mwengine yeyote, akaweka pingamizi la awali kwamba rufaa imefunguliwa nje ya muda. Wakili wa mzee aliona hapana pa kupita. Akaomba ruhusa ya kuiondoa rufaa yake mwenyewe, ili mteja wake arudi kuomba muda kabla haijatupwa moja kwa moja. Deni la mashine ya boti lililowafikisha huko halikuguswa hata kwa neno moja.

Nilimjibu ukweli: alichelewa. Aliniangalia kwa muda, akaishika ile karatasi ya Alhamisi, akapitisha kidole juu ya muhuri. "Na hii?"

Mimi si wakili. Ni msaidizi wa sheria, na kazi yangu kubwa ni kukaa na watu juu ya majamvi kama lile, tukisoma karatasi zao pamoja. Katika miaka yote ya kazi hii, sijaona jambo linalowapotezea watu haki zao kimya kimya kama suala la ada na siku. Watu hawashindwi kwa kuwa waongo wala kwa kukosa mashahidi. Wanashindwa kwa tarehe. Ndiyo maana nataka kulieleza jambo hili taratibu.

Tuanze na neno kufungua. Mtu anapokwambia "nimeshafungua kesi", mara nyingi maana yake amepeleka karatasi, karani amezipokea, muhuri umepigwa. Kisheria hiyo ni nusu ya safari. Mahkama ya Rufaa ya Tanzania iliamua, katika shauri lililochapwa kwenye ripoti za sheria za 1992, kwamba tarehe ya kufungua ombi ni tarehe ada ilipolipwa, si tarehe karatasi zilipopokelewa masjala. Ukiandikisha jina lako bandarini Mkoani bila ya kukata tiketi, meli ikiondoka huna la kudai. Muhuri wa Alhamisi ulikuwa ni jina kwenye daftari. Tiketi ilikatwa Jumatatu.

Siku hizi mambo yamezidi kuchanganya watu, maana ada hailipwi tena dirishani kwa noti mkononi. Unapewa kontroli namba, unakwenda benki au unalipa kwa simu, halafu unasubiri malipo yasomeke. Hapo katikati pana nafasi ya siku kupotea bila ya mtu kujua. Tanzania Bara walitunga kanuni za kufungua mashauri kwa mtandao mwaka 2018, zinazosema hati iliyotumwa kabla ya saa sita ya usiku huhesabiwa kuwa ya siku hiyo. Baada ya hapo wapo majaji wa huko waliotazama tarehe ya kutuma na wapo walioshikilia tarehe ya kulipa. Mimi kwa mtu wa Pemba nasema hivi: mjadala wa majaji usiufanye mto wa kulalia. Lipa siku ile ile unayopeleka karatasi, na usiondoke mpaka umeiona risiti.

Visiwani tuna sheria zetu za mwenendo. Mahkama Kuu ya Zanzibar ni mahkama yake yenyewe, mbali na ile ya Bara. Kesi za madai zinaendeshwa kwa Sura ya 8 ya Sheria za Zanzibar, na ukomo wa muda, yaani mwisho wa siku za kufungua shauri, unatoka Sura ya 12. Zote mbili ni sheria za tangu enzi za Waingereza, zilizofuata mfano wa sheria za India za mwaka 1908, na ndiyo maana mawakili wetu bado wanafungua vitabu vya India wanapobishana juu ya siku. Ukishapita Mahkama Kuu unaingia Mahkama ya Rufaa ya Tanzania, ambayo ni ya Muungano, isipokuwa kwa mambo machache kama tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na mashauri ya Kiislamu yaliyoanzia kwa kadhi. Huko kanuni ni nyengine na siku zake ni nyengine.

Sasa jambo ambalo natamani kila mwenye kesi alijue kabla ya jengine lolote. Mahkamani kuna saa mbili zinazotembea, na kila moja ina mwenyewe.

Saa ya kwanza ni ya hakimu. Ni muda ambao mahkama yenyewe imekupangia: lete majibu ndani ya siku kadhaa, lipa ada iliyopungua ndani ya wiki mbili. Kwa kuwa aliyeiweka ni hakimu, hakimu anaweza kuisogeza. Katika utaratibu tuliourithi anaweza kuisogeza hata kama siku alizotoa zimeshapita. Hapa ndipo penye ahueni kubwa kuhusu ada. Mtu akiwa amelipa pungufu, tuseme thamani ya shamba ilikadiriwa chini na karani akaja kugundua baadae, mahkama haimfukuzi siku hiyo. Inampa muda wa kujazia. Akijazia ndani ya muda huo, hati yake inahesabika kana kwamba ada ilikuwa kamili tangu siku ya kwanza. Asipojazia, hati ya madai inakataliwa. Kukataliwa si kushindwa kesi, kwani anaweza kuandika hati mpya, ilimradi ukomo haujapita. Ila kwa yule aliyefungua kesi wiki ya mwisho ya ukomo, kukataliwa na kushindwa ni kitu kimoja.

Saa ya pili ni ya sheria. Hii hakimu hakuiweka, na mkono wake haufiki kirahisi. Kwa kesi mpya, katika familia hii ya sheria, mlango wa kuomba nyongeza kwa sababu ya msingi haupo. Umewekwa kwa ajili ya rufaa na maombi tu. Aliyechelewa kufungua kesi yenyewe hutazamwa kama ana lile linalosimamisha hesabu: alikuwa mtoto, alikuwa hana akili timamu, au alifichwa ukweli kwa hadaa. Mahkama ikiwa imefungwa siku ya mwisho, kesi inapokelewa siku inayofunguliwa, na hili kwetu lina uzito wake kwa sababu Idd inangoja mwezi. Nimeshaona siku ya mwisho ikiangukia Idd ambayo wiki moja nyuma hakuna aliyejua ingekuwa Jumanne au Jumatano. Aliyepeleka karatasi zake asubuhi ya siku ya kwanza ya kazi yuko salama. Aliyengoja mpaka wageni wa sikukuu waondoke hayuko salama.

Kwenye rufaa mtego mkubwa ni nakala ya hukumu. Watu wanaisubiri. Wanasema, nitakata rufaa vipi na sijaisoma hukumu? Inaingia akilini kabisa, na wengi imewaponza. Kutoka Mahkama Kuu kwenda Mahkama ya Rufaa, taarifa ya rufaa inatakiwa iwekwe ndani ya siku 30 tangu uamuzi ulipotolewa, sio tangu ulipoipata nakala. Taarifa yenyewe ni karatasi fupi, haihitaji hukumu mkononi. Ndani ya siku hizo hizo 30 unaandika barua kuomba mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za yaliyopita mahkamani, na nakala ya barua unampelekea mpinzani wako. Halafu una siku 60 tangu kuweka taarifa ili ufungue rufaa yenyewe. Ukiwa uliandika barua ile kwa wakati na ukampa mwenzako nakala, siku ambazo mahkama ilizitumia kuandaa mwenendo hazihesabiwi, na Mrajisi anakupa cheti cha kuthibitisha. Usipoandika, au ukaandika bila ya kumpa mwenzako nakala, siku 60 zinatembea huku wewe ukisubiri kwa heshima kabisa.

Siku zikishapita, kinachobaki ni kuomba. Hapa mzee wa Kengeja aliniuliza swali ambalo wote huuliza: "Watanikubalia?"

Kuongezewa muda ni hiari ya mahkama, lakini ni hiari yenye njia yake. Uamuzi unaotajwa kuliko wote ni wa shauri la kampuni ya ujenzi ya Lyamuya, ombi namba 2 la mwaka 2010 katika Mahkama ya Rufaa. Mahkama ilisema mwombaji aeleze muda wote aliochelewa. Ucheleweshaji usiwe wa kupindukia. Aonekane alikuwa anahangaika na sio amekaa kwa uzembe. Na kama kuna sababu nyengine nzito, kwa mfano uharamu wa wazi, yaani uvunjaji wa sheria, katika uamuzi unaolalamikiwa, nayo itazamwe. Hilo la uharamu lilikuwa limeshawekewa msingi katika kesi ya Katibu Mkuu wa Wizara ya Ulinzi, iliyochapwa 1992. Siku hizi kila wakili aliyeishiwa hukimbilia humo. Mahkama imeweka wazi kwamba uharamu uwe unaonekana usoni mwa kumbukumbu, si mpaka mtu achimbe kwa hoja ndefu.

Katika ombi jengine la mwaka 2007, Mahkama ya Rufaa ilisema hata siku moja ya kuchelewa lazima itolewe maelezo, la sivyo hakuna maana ya kuweka kanuni zenye muda. Siku moja. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni ukali. Kadiri ninavyokaa na watu ndivyo ninavyoona kwamba humo ndimo ulimo mlango, kwa sababu mahkama inakwambia inachotaka. Haitaki machozi. Inataka hesabu.

Na fedha je? Mtu wa Pemba pesa yake ya ada mara nyingi iko juu ya mkarafuu, au iko kwa kijana wake Unguja ambaye mshahara haujaingia. Mahkama tangu zamani za Mahkama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, mwaka 1937, zimesema ukosefu wa fedha peke yake si sababu ya kutosha. Ila kuna rufaa namba 1 ya 2002, ambayo Mahkama ya Rufaa ilimtazama mjane aliyekuwa akitegemea msaada wa kisheria, ikasema kwa hali yake ile kilio cha kukosa fedha hakiwezi kuonekana si kitu. Maneno "sina pesa" hayatoshi. Maneno "mimi ni mjane, sina kipato, nilikwenda kwenye msaada wa sheria tarehe fulani, barua yao hii hapa" ni jambo jengine.

Na asiyekuwa nacho kabisa asingoje mpaka siku zimpite. Sheria ya mwenendo wa madai inaruhusu mtu kuomba afungue kesi kama maskini, bila ya kulipa ada kwanza. Mahkama humchunguza mali zake, na akishinda ada hukatwa kwenye alichopata. Tuna pia Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Zanzibar ya 2018, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo tangu 1992, na kinapatikana Unguja na Pemba. Inanisikitisha mno kwamba watu wanauza ng'ombe wa maziwa kulipia ada bila ya kuijua njia hii.

Turudi kwa mzee. Alhamisi mpaka Jumatatu ni siku nne. Kontroli namba alipewa jioni, fedha zilikuwa kwa mwanawe Unguja, mwanawe akazituma Jumapili usiku. Siku nne hizo zilielezeka: ujumbe wa simu ulikuwepo wenye tarehe na saa, na mwanawe alikuwa tayari kula kiapo. Hili la kiapo cha mwanawe si la mapambo. Hati ya kiapo ikimtaja mtu mwengine kuwa ndiye aliyefanya au kusema jambo, mahkama inataka na huyo naye aape, vyenginevyo maneno yake ni ya kusikia. Mtu anaandika "karani aliniambia nirudi kesho", kiapo cha karani hakuna, basi siku ile imebaki tupu.

Kilichomwangusha hakikuwa siku nne. Kilikuwa siku 41.

Tangu rufaa yake ilipoondolewa mpaka ombi la nyongeza ya muda lilipofunguliwa zilipita siku 41. Niliziandika zote kwenye karatasi ya mistari, moja chini ya moja. Siku 12 alikuwa anangoja nakala ya amri, barua yake ya kuomba ilikuwepo. Siku 11 alilazwa, karatasi za hospitali zilikuwepo. Siku tatu ni zetu, za kuandaa hati. Zikabaki 15. Nilipomuuliza hizo alikuwa wapi, akatazama chini.

"Tulikuwa tunachuma."

Karafuu zilikuwa zimeiva, vijana wake hawapo, na karafuu hazingoji. Kila mtu wa kisiwa hiki anamwelewa. Nikamuuliza kama ana stakabadhi za mauzo. Alikuwa nazo, lakini zilionesha jambo moja tu: katika siku zile alikuwa mzima, anatembea, na kuanzia siku ya sita alikuwa na fedha mkononi. Tukaandika ukweli, maana hati ya kiapo si mahali pa kutungia.

Tulijaribu pia hoja ya ucheleweshaji wa kiufundi, inayotokana na kesi ya Fortunatus Masha na William Shija ya 1997. Huko Mahkama ya Rufaa ilitofautisha kuchelewa kwa kweli na kuchelewa kwa mtu ambaye rufaa yake ya kwanza iliwekwa ndani ya muda, ikaja kukwama kwa kasoro nyengine. Huyo wa pili siku alizokuwa mahkamani hazimhukumu. Lakini rufaa ya mzee wetu ya kwanza yenyewe ilikuwa ya Jumatatu. Haikuwa ndani ya muda. Jaji alituuliza hilo kwa upole, na hatukuwa na jibu.

Ombi lilikataliwa. Uamuzi ulikuwa kurasa sita, na sehemu kubwa ya ukurasa wa tano ilikuwa juu ya zile siku 15. Siku nne za mwanzo jaji alizikubali.

Tangu hapo ninamuuliza kila anayekuja siku alizokaa baada ya kujua kwamba amechelewa kabla ya kumuuliza kwa nini alichelewa. Mtu akishaambiwa "umepitwa", huvunjika moyo. Anakwenda kwa ndugu kupata ushauri, anangoja mwezi mwandamo, anasema nitakwenda Jumatatu, na Jumatatu hiyo inakuwa Jumatatu ya wiki nyengine. Siku hizi hazina muhuri wala risiti, na ndizo jaji anazozitafuta.

Mwaka uliofuata alikuja mama mmoja wa Wete, mwenye duka la vitambaa. Hakimu alikuwa amempa siku 14 ajazie ada iliyopungua. Siku ya 10 kaka yake alifariki Unguja, akavuka kwenda kuzika. Kurudi, upepo wa kusi ukakaza na meli ikazuiwa siku mbili. Kutoka kule alijaribu kulipa kwa simu, kontroli namba ikawa imekwisha muda wake, na mpya ilikuwa lazima aiombe masjala. Alishuka Mkoani siku ya 15, akapanda gari, akaja kwangu moja kwa moja, mkoba wa safari bado uko begani.

"Bi mkubwa, kaa kwanza unywe maji," nikamwambia.

"Sikai, mwanangu. Nambie niandike nini."

Tulinunua daftari dukani hapo jirani. Akaandika mwenyewe, kwa hati yake ya skuli ya zamani, herufi zimelala upande mmoja. Siku ya 10: kifo cha kaka, barua ya sheha. Siku ya 11: maziko. Siku ya 12: tiketi ya kurudi, meli haikutoka, na tiketi ile ile imegongwa tarehe mpya. Siku ya 13: haikutoka tena; saa tano asubuhi amejaribu kulipa, ujumbe wa simu kwamba namba haitumiki upo. Siku ya 14: amesafiri usiku. Siku ya 15: amefika, ameomba namba mpya, ameomba ushauri. Siku ya 16: ameapa. Siku ya 17: ombi limefunguliwa, na ada ya ombi imelipwa siku hiyo hiyo.

Wakili wa upande wa pili alipinga, akasema siku 9 za mwanzo alikuwa na nafasi ya kulipa na hakulipa. Hakimu akamjibu kwamba siku 9 hizo zilikuwa zake, alikuwa na haki ya kuzitumia zote, na anayetakiwa kujieleza anajieleza kwa siku zilizopita mwisho. Akaongeza siku saba.

Alilipa asubuhi ile ile, na risiti akaibandika kwa gundi kwenye ukurasa uliofuata wa daftari.